Ubishi wa Kila Novemba: Safari ya Call of Duty

Tangu 2005 haujapita mwaka hata mmoja bila toleo kuu jipya la Call of Duty. Hutoka mwishoni mwa mwaka, mara nyingi Novemba, na kila likitoka wachezaji hugawanyika. Wapo wanaosema gemu imechuja: bunduki zile zile, mbio zile zile, kipya ni jina tu. Wapo wanaowajibu kwamba hakuna gemu nyingine ya risasi inayoitika upesi mkononi kama hii, na kwamba anayeitukana leo ndiye atakayekesha nayo kesho. Mabishano haya yamefanyika kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, hasa tangu gemu hiyo ilipoingia kwenye simu.

Yanastahili kusikilizwa kwa makini, kwa sababu watu hawabishani miaka 20 kuhusu kitu wasichokipenda. Ukiyafuatilia toka mwanzo, toleo baada ya toleo, unaona jambo ambalo pande zote mbili hulisahau katika joto la maneno. Call of Duty imekuwa mpya mara kadhaa, na karibu kila mara upya huo ulitoka kwa watengenezaji waliopewa muda, au waliojitwalia uhuru. Imechuja pia mara kadhaa, na kila mara ilikuwa pale tarehe ya kuuza ilipopangwa kwanza, wazo la gemu likatafutwa baadaye.

Kabla yake zilikuwapo nyingine. Wolfenstein 3D ya 1992 na Doom ya Desemba 1993, zote za kampuni ya id Software ya Marekani, ndizo zilizowazoesha watu kuona uwanja wa vita kwa macho ya mpiganaji mwenyewe, mtutu wa bunduki ukiwa chini ya kioo. Adui katika Doom alikuwa jini au mdudu wa ajabu. Mwaka 1999 likaja jina la Medal of Honor, gemu iliyotokana na wazo la mwongozaji filamu Steven Spielberg, aliyekuwa ametoa Saving Private Ryan mwaka uliotangulia. Medal of Honor ilirudisha Vita vya Pili vya Dunia kwa kizazi ambacho kilivijua kwa kusimuliwa tu.

Mwanzoni mwa 2002 studio ndogo iitwayo 2015, iliyokuwa mjini Tulsa katika jimbo la Oklahoma, ilitoa Medal of Honor: Allied Assault kwa ajili ya kompyuta. Sehemu iliyoipa sifa ni kutua kwa wanajeshi kwenye ufuo wa Omaha, Ufaransa, Juni 1944: mashua inafunguka, risasi zinanyesha, na mchezaji anatambaa mchangani asijue aelekee wapi. Gemu ilifanikiwa, lakini watengenezaji wengi hawakuridhika na masharti ya kazi. Mwaka huo huo watu 22 waliondoka, wakaanzisha studio yao, Infinity Ward, wakiongozwa na Vince Zampella, Jason West na Grant Collier. Activision, mshindani wa EA, kampuni waliyokuwa wakiifanyia kazi, iliwapa fedha. Nia yao haikufichika: walitaka kuishinda gemu waliyoitengeneza wao wenyewe.

Call of Duty ya kwanza ilitoka 29 Oktoba 2003. Tofauti yake kubwa na zilizotangulia ilikuwa watu. Katika gemu za awali, mchezaji alikuwa shujaa mmoja anayeangamiza jeshi zima peke yake. Hapa aliwekwa katikati ya kikosi, miongoni mwa wenzake wanaopiga kelele, wanaomfunika kwa risasi na wanaoanguka kando yake. Tena hakuwa Mmarekani tu. Alipigana pia kama Mwingereza na kama Mrusi. Sehemu iliyobaki vichwani mwa wengi ni ya Stalingrad: mchezaji anavuka mto Volga kwa mashua huku ndege za Wajerumani zikishambulia, na akifika ng'ambo hapewi bunduki. Anapewa risasi tano na kuamriwa kukimbia. Tukio hilo linafanana sana na lile la filamu ya Enemy at the Gates ya 2001, lakini katika gemu woga unakuwa wako, kwa sababu miguu inayokimbia unaiendesha wewe.

Injini iliyoendesha gemu hiyo ilijengwa juu ya ile ya Quake III ya 1999, gemu iliyosifika kwa kasi na wepesi. Urithi huo una uzito mkubwa katika ubishi wetu. Infinity Ward walishikilia jambo moja tangu walipohamia kwenye Xbox 360 kwa Call of Duty 2, mwishoni mwa 2005: kioo kionyeshe picha 60 kwa sekunde, wakati gemu nyingi za mashine hizo ziliridhika na 30. Mchezaji wa kawaida hajui hesabu hiyo. Anachojua ni kwamba akibonyeza, bunduki inajibu papo hapo. Wanaoitetea gemu hadi leo wanatetea hasa hisia hiyo ya mkononi, hata pale wanapokosa namna ya kuieleza. Call of Duty 2 ilileta pia utaratibu wa afya ya mpiganaji kujirudia yenyewe akijificha kwa sekunde chache, badala ya kuokota visanduku vya dawa. Mapigano yakapata mdundo mpya: jitokeze, piga, jifiche, pumua, jitokeze tena.

Kalenda nayo ikaanza kupiga hodi. Gemu nzuri ilihitaji takriban miaka miwili, na Activision ilitaka kitu cha kuuza kila msimu wa sikukuu. Suluhisho lilikuwa studio ya pili, Treyarch ya California. Infinity Ward wakiwa wamezama katika kazi yao, Treyarch walitoa Call of Duty 3 Novemba 2006, baada ya kuitengeneza kwa muda usiotimia mwaka. Ilikuwa gemu ya kupigana Normandy kwa mara nyingine tena, baada ya Normandy nyingi zilizotangulia, na dalili za haraka zilionekana. Lakini Treyarch, kwa kubeba mzigo ule wa 2006, ndio waliowanunulia wenzao muda. Na muda huo ukazaa toleo lililobadilisha gemu za risasi duniani kote.

Infinity Ward walikuwa wamechoka na Vita vya Pili kabla ya wachezaji kuchoka. Zampella alisimulia baadaye kwamba Activision haikutaka vita vya zama hizi. Iliona ni hatari kibiashara. Waliendelea hata hivyo. Call of Duty 4: Modern Warfare ilitoka Novemba 2007, na ndani yake kuna mambo ambayo hakuna aliyeyatarajia katika gemu ya kuuza kwa mamilioni. Katikati ya hadithi, helikopta ya mwanajeshi wa Marekani ambaye mchezaji amekuwa akimwendesha inaangushwa na mlipuko wa nyuklia. Mchezaji anadhani ataokolewa. Badala yake anatambaa kutoka kwenye mabaki, anatembea hatua chache chini ya anga jekundu, kisha anakufa. Katika sehemu nyingine anajificha kwenye nyasi za Pripyat, mji uliohamwa baada ya ajali ya Chernobyl, huku kikosi cha adui kikipita karibu kabisa na uso wake, na kazi yake ni kutulia tu.

Mapinduzi makubwa zaidi yalikuwa upande wa mtandaoni. Kila adui aliyeuawa alimpa mchezaji pointi, pointi zikampandisha ngazi, na ngazi zilikuwa 55. Kila alipopanda alifunguliwa bunduki au uwezo wa ziada: kukimbia zaidi, kujificha kwenye rada, kupiga kupitia ukuta. Akaruhusiwa kujipangia silaha apendavyo. Akiua watatu bila kufa aliita ndege ya upelelezi, watano akaita mabomu ya ndege, saba akaita helikopta. Na aliyemaliza ngazi zote aliweza kufuta alichopata na kuanza upya, akilipwa nembo ya heshima. Gemu za risasi zilizofuata, na nyingi zisizo za risasi, zilikopa utaratibu huu.

Hapa ndipo mbegu ya ubishi ilipopandwa. Utaratibu wa ngazi unampa mchezaji sababu ya kurudi kila usiku, lakini ukiunganishwa na toleo jipya kila mwaka, unamwambia pia kwamba alichojenga kitaachwa nyuma. Novemba ikifika, ngazi zinarudi sifuri, bunduki zinafungwa tena, na anaanza kuzifungua zile zile au ndugu zake. Mwaka wa kwanza hilo lina raha. Mwaka wa pili bado lina raha. Mwaka wa saba mtu anaanza kujiuliza anapanda kwenda wapi. Malalamiko mengi yanayosikika kama chuki kwa gemu ni uchovu wa kupanda ngazi moja mara nyingi.

Mwaka 2008 Treyarch walirudi kwenye Vita vya Pili kwa World at War, na wengi walidhani huko ni kurudi nyuma. Lakini anayemaliza hadithi yake alikuta kitu cha ajabu baada ya majina ya watengenezaji kupita: nyumba mbovu, usiku, na maiti wanaotembea wakivunja madirisha kuingia. Hiyo ndiyo Zombies. Haikuwa kiini cha gemu iliyopangwa kuuzwa. Iliongezwa kama zawadi mwishoni, na ikawa nguzo ya tatu ya mfululizo mzima, ikiwa na wapenzi wanaonunua gemu kwa ajili yake tu. Kitu ambacho hakikupangwa sokoni kiliongeza miaka ya uhai kuliko vingi vilivyopangwa.

Novemba 2009 Modern Warfare 2 iliuza nakala milioni 4.7 siku ya kwanza katika Amerika ya Kaskazini na Uingereza, zenye thamani ya dola milioni 310. Ilikuwa na sehemu iliyozua mjadala mkali, ile ambayo mchezaji anaandamana na magaidi wanaowaua raia katika uwanja wa ndege wa Urusi. Gemu yenyewe ilimruhusu kuiruka. Kwa mauzo hayo mtu angetarajia waliotengeneza wabebwe juu. Machi 2010 Activision iliwafukuza kazi West na Zampella, ikiwatuhumu kuvunja mkataba. Wao wakashtaki, wakidai malipo yao na haki ya kuamua kuhusu jina la Modern Warfare. Makumi ya wafanyakazi wa Infinity Ward waliondoka, na wengi wakawafuata kwenye studio yao mpya, Respawn. Kesi ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2012, kabla tu ya kusikilizwa.

Mwaka uliofuata kufukuzwa huko ulikuwa na onyo ambalo wachezaji makini hawakulipuuza. Activision ilikuwa na mfululizo mwingine mkubwa, Guitar Hero, gemu ya kupiga gitaa la plastiki iliyoanza 2005 na kupendwa sana. Kampuni ikaitolea matoleo mfululizo, moja juu ya jingine, hadi watu wakakinai. Februari 2011 kitengo chake kilifungwa. Waliokuwa wakisema Call of Duty inakamuliwa kupita kiasi walikuwa na mfano ndani ya nyumba ile ile.

Lakini mauzo yalizidi kuwakanusha. Modern Warfare 3, iliyokamilishwa kwa msaada wa studio ya tatu, Sledgehammer, ilipata dola milioni 400 siku ya kwanza mwaka 2011 na kufikisha dola bilioni 1 ndani ya siku 16. Gemu hiyo iliwapeleka wachezaji Sierra Leone na Bosaso, Somalia. Mwaka uliofuata Black Ops II ya Treyarch iliwapeleka Angola ya 1986, wakipigana bega kwa bega na Jonas Savimbi. Familia ya Savimbi ilishtaki nchini Ufaransa mwaka 2016, ikisema gemu imemchora kama mtu katili asiye na akili. Mahakama ya Nanterre haikuwakubalia. Msomaji wa Afrika ana haki ya kuuliza swali lake hapo. Bara letu lilitumiwa kama mandhari mapya ili gemu ionekane imesafiri, lakini kanuni za mchezo zilibaki pale pale. Kubadilisha mahali ni njia rahisi ya kutafuta upya, na hudumu saa chache tu, hadi jicho lizoee.

Mwaka 2014 Activision ilikubali kwa vitendo kwamba miaka miwili haitoshi. Studio tatu zilianza kupokezana, kila moja ikipata takriban miaka mitatu. Matunda ya kwanza yalikuwa Advanced Warfare, iliyompa mpiganaji vazi la chuma la kurukia na kuchepuka angani. Kwa mara ya kwanza tangu 2007, mwili wa mchezaji ulisogea kwa namna nyingine. Wengi walifurahi. Tatizo ni kwamba Black Ops III ya 2015 nayo iliruka, na Infinite Warfare ya 2016 iliruka hadi sayari za mbali. Kionjo chake kilipowekwa YouTube Mei 2016, zaidi ya watu milioni 3 walibonyeza alama ya kutokipenda, huku Battlefield 1 ya washindani, iliyorudi Vita vya Kwanza vya Dunia, ikishangiliwa siku chache baadaye.

Mwisho wa mwaka Infinite Warfare ndiyo iliyoongoza kwa mauzo Marekani. Wengi huitumia takwimu hiyo kuwacheka waliolalamika. Naona si haki. Nakala maalumu za gemu hiyo ziliuzwa pamoja na Modern Warfare ya 2007 iliyopakwa upya, na wapo walioinunua kwa ajili ya hiyo ya zamani. Tena hadithi yake ya angani ilikuja kusifiwa na wengi walioicheza baadaye kwa utulivu. Kilichokataliwa mwaka 2016 hakikuwa wazo la anga za juu. Kilikuwa mwaka wa tatu mfululizo wa kuruka. Hata chakula kizuri kikija sahani ya tatu kabla hujamaliza ya kwanza, mkono unakisukuma.

Infinity Ward walipopata zamu yao tena, walitoka na Modern Warfare ya 2019, wakiwa na injini iliyofanyiwa kazi upya kabisa. Bunduki zilipata uzito, milango ilifunguliwa taratibu kwa bega, na usiku ukawa giza kweli. Waliachana na kuuza ramani za nyongeza, desturi iliyokuwa ikiwatenganisha marafiki kati ya walionunua na wasionunua, na mwenye PlayStation akaweza kucheza na mwenye Xbox na mwenye kompyuta. Machi 2020 wakatoa Warzone, bure, uwanja mkubwa uitwao Verdansk ambapo wachezaji 150 walishuka kwa miavuli na kupigana hadi kibaki kikosi kimoja. Dunia ilikuwa inajifungia ndani kwa sababu ya korona. Ndani ya siku 10 watu milioni 30 walikuwa wameingia. Kwa wengi Verdansk ilikuwa mahali pa kukutana na ndugu na marafiki katika mwaka ambao hapakuwa na pengine pa kukutana.

Miezi mitano kabla ya Warzone, 1 Oktoba 2019, ilikuwa imetoka Call of Duty: Mobile, iliyotengenezwa na studio ya TiMi ya kampuni ya China, Tencent. Hapo ndipo vijana wengi wa Afrika Mashariki walipoingia katika hadithi hii. Kijana ambaye nyumbani kwao hapakuwahi kuwa na Xbox wala kompyuta ya gemu alipakua gemu kwenye simu, akajikuta ndani ya Crash, ramani ya 2007, na Nuketown, ramani ya 2010. Kwa mchezaji wa London viwanja hivyo vilikuwa kumbukumbu za utotoni. Kwake vilikuwa vipya, na alivipenda kwa sababu zile zile zilizowafanya wenzake wavipende miaka kumi nyuma: kona zake zimepimwa vizuri, na hakuna mahali pa kujificha ambapo hapafikiki. Upya, basi, hauko ndani ya gemu peke yake. Uko pia katika kile ambacho macho ya mchezaji yamekwisha kukiona.

Wapo wanaosema kwamba gemu yoyote ikizeeka lazima ichoshe. Counter-Strike inawakanusha. Ilianza 1999 kama kazi ya mikono ya wapenzi wawili, Minh Le na Jess Cliffe, juu ya gemu ya Half-Life. Tangu hapo imekuwa na matoleo machache mno, na ramani yake ya Dust2 ya 2001 bado inachezwa kwa ushindani. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna mzee wa Pwani anayedai mashimo yaongezwe ndipo aendelee kucheza. Mchezo wenye kina haumchoshi anayeufahamu, kwa kuwa kila siku unampa mpinzani mwingine na hesabu nyingine. Kinachomchosha ni kuambiwa kila Novemba kwamba hiki ni kitu kipya, alipie dola 60 au 70, kisha akute ni kile kile. Counter-Strike haijawahi kumwahidi mtu toleo jipya kila mwaka, kwa hiyo haina ahadi ya kuvunja.

Ahadi hiyo ilivunjika waziwazi mwaka 2023. Modern Warfare III ilitoka Novemba, mwaka mmoja tu baada ya Modern Warfare II ya 2022, iliyokuwa imepata dola bilioni 1 ndani ya siku 10. Ramani zote 16 za kawaida za mtandaoni ilizoanza nazo zilitoka katika gemu ya 2009. Hadithi yake ilikuwa fupi, na wahakiki wakaipa alama za chini kuliko ilivyozoeleka katika mfululizo huu. Upande wa mtandaoni, kwa haki, wengi waliufurahia, kwa sababu mwendo ulirudishiwa kasi na ramani zilikuwa nzuri tangu awali. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwa moyo mmoja kwamba ameuziwa jambo jipya. Mwezi mmoja kabla yake, 13 Oktoba 2023, Microsoft ilikuwa imekamilisha ununuzi wa Activision Blizzard kwa takriban dola bilioni 69, na Call of Duty ilikuwa kito kikuu katika biashara hiyo.

Kisha muda ukatoa ushahidi wake kwa mara nyingine. Treyarch walitoa Black Ops 6 Oktoba 2024, baada ya miaka minne ya kuitengeneza, mirefu kuliko walivyowahi kupewa. Ndani yake mpiganaji aliweza kukimbia, kuteleza na kujirusha upande wowote, hata kinyumenyume au kwa ubavu, jambo ambalo katika matoleo yaliyotangulia kwa kawaida alilifanya kwa kwenda mbele tu. Waliokuwa wamezoea mfululizo huu miaka mingi walilazimika kujifunza upya namna ya kupita mlangoni. Hadithi yake ilisifiwa kwa ubunifu, na Zombies ikarudi kwenye mpangilio wa raundi uliopendwa. Hapakuwa na siri. Walipewa muda, wakautumia.

Mwaka 2025 mambo yalikutana yote. Aprili, Verdansk ilirudishwa katika Warzone, na maelfu waliokuwa wameacha wakarejea, wakionyesha kwamba mchezaji haombi vitu vipya tu. Huomba pia kile alichonyang'anywa kabla hajakichoka. Oktoba, EA ilitoa Battlefield 6, gemu iliyouza nakala zaidi ya milioni 7 ndani ya siku tatu. Aliyekuwa akiusimamia mfululizo wa Battlefield tangu mwisho wa 2021 ni Vince Zampella, yule yule aliyefukuzwa na Activision mwaka 2010. Novemba ikaja Black Ops 7, mwaka mmoja tu baada ya ndugu yake, na mapokezi ya wachezaji yakawa ya baridi, wengi wakilalamikia hadithi iliyolazimu kuunganishwa mtandaoni hata kwa anayecheza peke yake.

Desemba 2025 waliolalamika miaka yote hiyo walipata jibu kutoka kwa kampuni yenyewe. Activision ilitangaza kwamba haitatoa tena matoleo mawili ya Modern Warfare, au mawili ya Black Ops, miaka miwili mfululizo. Halikuwa tangazo la kuacha kutoa gemu kila mwaka. Lakini mwenye mali alikuwa amekiri, kwa namna yake, kwamba mpangilio wa kalenda unaweza kuidhuru gemu.

Waliosema gemu imechuja walikuwa sahihi kuhusu miaka fulani, na waliosema bado inanoga walikuwa sahihi kuhusu mikono yao. Wanaoumia katika ubishi huu ni watengenezaji, ambao husifiwa au kutukanwa kwa ratiba wasiyoipanga. Modern Warfare ya 2007 na Black Ops 6 zilitengenezwa na watu wenye vipaji, lakini hata Call of Duty 3 ilitengenezwa na watu wenye vipaji, na studio ni ile ile iliyokuja kutupa Zombies. Kilichowatofautisha ni idadi ya miezi waliyopewa. Kwa hiyo Novemba ijayo, kabla ya kuuliza kama toleo jipya lina bunduki ngapi au hadithi yake inatokea nchi gani, tuulize lilitengenezwa kwa muda gani. Tukilizoea swali hilo, na tukilipa kulingana na jibu lake, wanaopanga kalenda nao watalazimika kulizoea.